Doti Mbili za Mwari

Duka la Ushirika,
Lugoba.
5 Aprili, 1976.

Kwa Shangazi na somo yangu, Bi Sihaba,
Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo Shangazi,

Nakuamkia kwa sababu nimefundishwa kuamkia, na aliyenifundisha ni wewe. Natumai barua hii itakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba na kifua kimekupa nafasi ya kupumua. Mimi huku Lugoba ni mzima, mume wangu Haji ni mzima, na mdogo wangu Dija, ambaye hukumuulizia hata kwa neno moja, naye ni mzima kwa kadiri mtoto wa miaka kumi na minne anavyoweza kuwa mzima akiwa na mimba ya miezi minne. Baada ya salamu hizo, nina ugomvi na wewe, na sitauzunguka.

Barua yako niliitambua kabla sijaifungua, kwa zile herufi kubwa zinazopanda juu kila zikifika ukingoni mwa karatasi. Hongera kwa kufaulu mtihani wa elimu ya watu wazima. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu kama usingejua kusoma nisingekuandikia haya. Miaka yote barua zako alikusomea Baba, barazani, kwa sauti, majirani wakisikiliza, na mambo ya wanawake hayakuwa na njia ya kupita. Sasa unasoma mwenyewe. Funga mlango, kaa kitandani, usome mpaka mwisho.

Umeniandikia kwamba Dija ni mwongo na mhuni. Kwamba alivunja ungo siku nyingi akaficha, ili apate kutembea na wanaume bila kuwekwa ndani. Kwamba tangu ukoo wetu uanze kucheza wari hapo Dunda hajapata kutokea msichana aliyebeba mimba kabla ya kuchezwa, na kwamba umemkana, si mwari wako na hutaki aitwe hivyo. Kisha, kwa mkono ule ule, umenipa amri. Mzee Majaliwa wa Miono, mwenye wake wawili na meno machache kuliko wake hao, amekubali kuifunika aibu yetu. Atapita hapa Alhamisi ya tarehe kumi na tano kumchukua Dija, na Ijumaa wafunge ndoa. Mimi nimwogeshe, nimvishe, nimkabidhi bila maneno. Wewe utakwenda Miono kusema mbele ya mwandishi wa ndoa kwamba bibi harusi ana miaka kumi na saba.

Sitamtoa. Nakuandikia mapema ili Mzee Majaliwa asipoteze nauli.

Na hiyo miaka kumi na saba umeitoa wapi, Shangazi? Dija alizaliwa mwezi wa Uhuru. Umetusimulia mara ngapi, mpaka tukachoka, jinsi ulivyokosa kwenda kutazama bendera ikipandishwa kwa sababu Mama alishikwa na uchungu siku ile ile, nawe ndiye uliyempokea mtoto huku ukisikia shangwe za watu barabarani. Hesabu kwa vidole, maana hesabu nazo wamewafundisha darasani. Sheria ya ndoa imetaka msichana awe na miaka kumi na mitano, na hata hiyo Dija hajaifikisha. Lakini umeandika kwamba hakuna atakayebisha, kwa kuwa mwili wake unajieleza wenyewe. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje, nikarudi kuisoma baadaye.

Mwili wake unajieleza. Hayo ndiyo yamekuwa maneno yako tangu tukiwa wadogo. Kila ulipokuja nyumbani ulitusimamisha uani, mimi na Dija, ukatubonyeza vifua mbele ya kila mwanamke aliyekuwapo, kama mtu anayechagua maembe sokoni. Nikiwa na miaka kumi na mitano ulikuwa ukinibonyeza, ukakunja uso, ukaniita ubao. Dija alikuwa na miaka kumi, ananipita urefu, kifua kimekwisha kuanza kuchomoza, nawe ulimgeuza huku na huku ukimsifia, naye akicheka kwa sababu alidhani ni mchezo. Watu walituuliza njiani nani mkubwa. Ulikuwa ukijibu kwamba mkubwa ni mimi kwa miaka tu.

Unakumbuka harusi ya Bimdogo, mwisho wa mwaka wa sabini na mbili? Wewe pengine umesahau, maana kwako ilikuwa maskhara. Wanawake walikuwa wanachambua mchele, wakauliza ile posa yangu ya kutoka Pangani imefikia wapi. Ulisema, mbele ya mama wa yule kijana aliyeniposa, kwamba hujawahi kuona msichana wa miaka kumi na sita mkavu namna hii, na kwamba huenda Mungu ameniumba nusu. Walicheka. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika ungo wa mchele. Posa ile haikurudi tena, na hakuna aliyekwambia kwamba umekosea, kwa sababu wewe ndiye somo wa Dunda nzima na jicho lako halikosei.

Wiki tatu baadaye, Januari, nilikuwa mwari wako. Nilikuletea kitambaa cha damu kama inavyotakiwa, ukakikunjua, ukakitazama, ukapiga kigelegele. Hukunitazama mimi. Ulitazama kitambaa, na mtaa mzima ukajua kabla ya adhuhuri. Uliniweka ndani miezi sita, ukanifunda yote, ukanichuna kwa kucha nilipokosea, na kila mwezi nilikuonyesha vitambaa nawe ukaridhika. Nilipotolewa nje ulinifunika doti mbili za kanga mpya, ukaziita zawadi ya mwari aliyekutia heshima. Pilau ilipikwa masufuria matatu. Mwaka uliofuata nikaolewa na Haji, na ukatembea kifua mbele kwa kuwa ubao wako umechanua.

Katika miezi ile sita, Dija alikuja mara nyingi mlangoni. Alikuwa ananisikia nikiimba nawe, akataka kuingia. Siku moja alikaa kizingitini, akawa anajaribu kuimba nasi. Ulimfukuza kwa ufagio, ukamwambia mtoto hasikii ya wakubwa, na aliyechezwa akimwambia asiyechezwa atapata upofu. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia kitu. Si Mama, si wenzake wa shuleni, si mimi. Huo ni mwiko wako, Shangazi, umeulinda vizuri.

Na kwa kuwa hakuwa amechezwa, alikuwa mtoto. Mwari hatumwi nyumba yenye mwanamume, lakini mtoto hutumwa popote. Ndivyo wewe mwenyewe ulivyokuwa ukimtuma kila siku akitoka shule ampelekee chakula Mwinyijuma, yule mpangaji wako wa chumba cha uani, mtu mzima mwenye ndevu. Mama alikuuliza mara moja kama si vibaya, kwa mwili ule. Ulimjibu kwamba Dija bado, umemuuliza mwenyewe kama amevunja ungo akasema hapana, na kwamba mtoto ni mtoto. Kwa hiyo mwili wake ulipomvutia Mwinyijuma ulikuwa wa mtoto, na sasa unapotakiwa Miono ni wa mwanamke wa miaka kumi na saba. Mwinyijuma ameondoka kwenda Tanga na godoro lake, na katika barua yako ya kurasa tatu hukumtaja.

Dija alinieleza alivyofanyiwa. Alieleza kama anavyoeleza kuanguka shuleni, akisita, akiniangalia usoni ajue kama nimekasirika. Hakujua kwamba jambo lile linaweza kuleta mtoto. Alijua tu kwamba linauma, na kwamba Mwinyijuma alimwambia akimweleza mtu, wewe utamnyima Dija chakula. Ungemwona hapa kwangu usingeandika ule uchafu. Asubuhi anacheza mdako na watoto wa jirani wa miaka minane, tumbo limeshaanza kutokeza, na wakimdhulumu kijiwe analia. Juzi alininunia mpaka magharibi kwa sababu nilimkataza kuruka kamba.

Nimempeleka kwa muuguzi wa zahanati, anaitwa Ashatu, mwanamke asiye na maneno mengi. Alimpima urefu, akampima nyonga, akaniuliza miaka yake mara mbili. Kisha akanikalisha pembeni, akanieleza kwamba mwili wa msichana haukui wote kwa pamoja. Kifua hutangulia, urefu hufuata, damu huja baadaye, na mifupa ya nyonga, pale anapopita mtoto, huendelea kukua miaka kadhaa baada ya hapo. Mmoja huanza na miaka kumi, mwingine na kumi na saba, na wote ni wazima, hakuna aliyeumbwa nusu. Dija kwa nje amekwisha, kwa ndani nyonga zake bado nyembamba. Akishikwa na uchungu kijijini, mbali na gari, mbali na daktari wa kumpasua, anaweza kufa yeye na kilichomo. Ameandika karatasi kwamba ajifungulie hospitali kubwa na asipelekwe mbali na barabara.

Nikamuuliza na kichwa je, kinafika lini. Alisema kichwa ndicho kinachochelewa kuliko vyote. Ile akili ya kujizuia, ya kupima leo kwamba kesho kutatokea nini, huwa bado inajengeka hata mtu akiwa na miaka ishirini. Wewe miaka thelathini umekuwa somo, Shangazi, na katika miaka hiyo yote umetupima kifuani peke yake. Muuguzi mmoja mwenye futi ya kushonea amemjua Dija kwa nusu saa kuliko ulivyomjua tangu ulipomkata kitovu.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa. Najua Dija hakuficha, na najua kwa nini alikujibu hapana ulipomuuliza. Najua kwa sababu aliyeficha ni mimi.

Ilikuwa Januari ile ile, wiki tatu baada ya harusi ya Bimdogo. Nilikuwa nafua uani, Dija akanifuata analia, amejishika nguo, akaniambia amekatika ndani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na mwezi mmoja. Hakwenda kwa Mama kwa sababu nyumbani kwetu mtoto wa kike hamwambii mama yake mambo ya mwili, humwambia mkubwa mwenzake, na mkubwa humpelekea somo. Mkubwa alikuwa mimi. Nilitakiwa nimfunge kitambaa, nimshike mkono, nimlete kwako. Nilimtazama jinsi alivyonipita, nikakumbuka wanawake wakicheka na mama wa Pangani akikusanya kanga zake kuondoka, nikamchukia. Ndiyo, nilimchukia mtoto yule anayelia.

Nilimwambia ni ugonjwa. Nilisema unawapata watoto wanaokula ukwaju na chumvi, na kwamba ukijulikana watampeleka hospitali kupasuliwa tumbo. Nikamwambia nitamponya kwa siri, mradi asimwambie mtu na kila ukirudi aniletee vitambaa. Nilimchemshia maji ya karafuu akanywa. Kitambaa chake nikakuletea wewe, nawe ukapiga kigelegele.

Vile vya miezi sita vyote vilikuwa vyake. Alikuwa akivipitisha dirishani, amevikunja vizuri, akiniuliza kama ugonjwa umepungua. Wewe ulikuwa chumba cha pili unalala mchana. Damu yangu mimi ilikuja Machi ya mwaka jana, nina miaka kumi na minane, mke wa mtu mwaka mzima, niko hapa hapa Lugoba napepeta mchele. Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia, kwa kuwa hapo ndipo nilipojua kwamba ningengoja tu, nisingehitaji kuiba.

Tangu siku hiyo ningeweza kumwambia Dija ukweli. Sikumwambia. Niliona haya, nikaona pia kwamba Haji atanidharau, nikajipa moyo kwamba atajua mwenyewe akikua. Ashatu aliposema kwamba hata msichana wa miaka kumi na sita kichwa chake hakijafika, nilitamani nijifiche ndani ya maneno hayo. Lakini mwaka jana sikuwa na miaka kumi na sita.

Mwanzoni mwa Machi mwaka huu aliniandikia. Barua yake ninayo, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Alinisalimu, akamsalimu shemeji yake, akaniambia amekuwa wa tano darasani. Kisha akasema ana habari njema ambayo hajamwambia mtu kama tulivyoahidiana. Amepona. Mwezi wa tatu sasa ugonjwa haujarudi, na ananishukuru kwa ile dawa ya karafuu.

Nilielewa pale pale niliposoma. Nilikaa na barua ile siku kumi na sita bila kufanya lolote, mpaka Mama alipomkuta anatapika na ninyi mkaanza kumwita majina, mkamsukumia huku kwangu. Hilo nalo liweke juu yangu.

Haji nimemwambia jana. Hakunitukana. Alichukua funguo, akaenda kufungua duka, na tangu hapo anakula kwa muuza chai wa njia panda. Sijui kama atarudi kula kwangu. Nakwambia hili ili ujue kwamba hakuna kitu ulichobaki nacho cha kunitishia.

Kwa hiyo sikiliza ninachotaka. Ijumaa ile usiende Miono. Kabla ya hapo mkalishe Baba, umwambie kwa kinywa chako kwamba Dija ana miaka kumi na minne, kwamba hakumdanganya mtu, na kwamba somo wa Dunda alitazama kitambaa akaacha kumtazama msichana. Umwambie na mimi nilivyofanya, usinipunguzie hata kidogo. Umtaje na Mwinyijuma, na uwape polisi jina la nduguye wa Tanga anakofikia, maana unalijua. Kisha panda lori uje hapa, umkalishe Dija, umfundishe alichotakiwa kufundishwa miaka mitatu iliyopita. Ndiyo kazi yako. Ulimkana kabla hujampokea kuwa mwari.

Usipofanya hivyo kufikia Jumatatu, nitaandika barua nyingine, ya maneno haya haya, na hiyo nitamwandikia Baba. Unamjua kaka yako. Hawezi kusoma kimya. Ataisoma barazani kwa sauti, kuanzia salamu, na watu wa Dunda watakaa kusikiliza kama walivyozoea. Mimi nitaaibika kuliko wewe, lakini mimi niko Lugoba.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi nimemwambia Dija yote. Nilimwambia haukuwa ugonjwa, kwamba hakuwa na kosa, kwamba nilimwibia. Nilijitayarisha anipige au alie. Alichezea kijiwe chake cha mdako, akauliza kama karafuu basi hazikuwa dawa. Nikamwambia hazikuwa. Kisha akaniuliza kama zile kanga nilizofunikwa siku ya kutolewa nje, na ile pilau, zilikuwa zake.

Nilimwambia ndiyo, zilikuwa zake. Nimefungua sanduku nikazitoa doti zote mbili. Amejifunga moja, nyingine amejitanda, na sasa hivi ninapoandika yuko mlangoni anawaonyesha watoto wa jirani.

Barua hii anakuletea utingo wa lori la ushirika, mkono kwa mkono. Msalimie Mama, umwambie Dija anakula. Msalimie Baba, kama utakuwa umekwisha kusema naye. Dija mwenyewe anakuamkia, shikamoo, na anauliza ukija kama utamjia na ngoma.

Mimi ambaye sikuwa mwari wako,
Biubwa binti Sadallah.